Sura ya Tano: Mbiu ya Mgambo katika Nyumba ya Kupanga

Swali la kama taasisi inafaa kutumia mitandao ya kijamii huulizwa mara nyingi kana kwamba mitandao hiyo ni chombo kimoja na taasisi zote ni za namna moja, ilhali shirika la umeme lenye mamilioni ya wateja, chama cha ushirika cha wakulima wa viazi kule Molo, shule ya bweni ya Njoro na ofisi ya chifu wa lokesheni hazina haja sawa, wala hazina uwezo sawa wa kuitimiza haja hiyo. Katika sura hii, mitandao ya kijamii ni huduma za intaneti ambazo maudhui yake huandikwa na watumiaji wenyewe, wakafuatana, wakajibizana na kusambaziana habari, kama vile Facebook iliyoanza mwaka 2004, Twitter iliyoanza mwaka 2006 na kupewa jina la X mwezi Julai 2023, TikTok, na makundi ya WhatsApp, ambayo wataalamu wengine huyatenga kwa kuwa hayako wazi kwa wasio wanachama, lakini ambayo kwa mkazi wa Nakuru ndiyo mtandao wa kijamii hasa. Taasisi, kwa upande wake, ni chombo chochote kinachozungumza kwa jina lisilo la mzungumzaji, na ambacho mzungumzaji akiondoka chenyewe hubaki. Sehemu hiyo ya mwisho ya maelezo huonekana ndogo, lakini ndiyo inayozua matatizo mengi yatakayojadiliwa hapa.

Kaunti ya Nakuru, iliyohesabiwa kuwa na watu 2,162,202 katika sensa ya mwaka 2019, ni mahali pagumu kwa yeyote mwenye tangazo la kutoa. Inaanzia chini ya ukingo wa Bonde la Ufa huko Mai Mahiu, inapitia mashamba ya maua ya Naivasha na mji wa Nakuru uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, inapanda hadi kwenye baridi ya Molo, Elburgon na Kuresoi, na kote humo wanaishi pamoja Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluo, Waluhya, Wamaasai na wengine, kila jamii ikiwa na idhaa yake ya redio kwa lugha ya mama. Tangazo likitolewa kwa Kiingereza halimfikii mchuuzi. Likitolewa kwa lugha ya kabila moja, kabila la pili huuliza kwa nini. Kiswahili na simu ya mkononi ndivyo vitu viwili ambavyo karibu kila nyumba inavyo, na kisa mashuhuri zaidi cha taasisi ya Kenya kufaulu katika mitandao ya kijamii kilitokana na mtu aliyeuona ukweli huo mapema.

Ofisi ya chifu ni miongoni mwa taasisi kongwe za utawala nchini Kenya, kwani asili yake ni sheria ya kikoloni ya wakuu wa vijiji ya mwaka 1902, na kwa zaidi ya karne moja njia yake kuu ya kuzungumza na watu imekuwa baraza, yaani mkutano wa hadhara unaoitishwa chini ya mti au kwenye uwanja wa shule, ambapo chifu hutangaza ya serikali, husikiliza malalamiko na kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Baraza lina heshima yake, kwa kuwa chifu na raia huonana macho kwa macho, lakini halina kasi. Kati ya baraza moja na jingine, ofisi ilitegemea karatasi zilizobandikwa kwenye milango ya maduka, matangazo yaliyosomwa kanisani na wazee wa mtaa waliopita nyumba kwa nyumba. Nao wezi hawangoji Jumapili.

Francis Kariuki, aliyewahi kuwa mwalimu kabla ya kuwa chifu wa Lanet Umoja, lokesheni yenye wakazi wapatao 28,000 pembezoni mwa Nakuru, alianza kutoa matangazo yake kupitia Twitter, na kufikia Februari 2012 vyombo vya habari vya kimataifa vilikuwa vimemwandika. Tukio lililomtangaza lilikuwa la saa kumi alfajiri: alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu mmoja, akaandika ujumbe palepale, na baada ya dakika chache majirani walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba hiyo, wezi wakatoweka. Siku nyingine ujumbe wake ulihusu kondoo wa rangi ya kahawia na nyeupe, mwenye kamba ya nailoni shingoni, aliyepotea kwa mwenyewe, kondoo akapatikana. Mara nyingine ulihusu mtu aliyetumbukia katika choo cha shimo, ambaye wanakijiji walijitokeza kumwokoa. Hayo si mambo ambayo washauri wa mawasiliano wa mashirika makubwa huyaweka katika mipango yao ya mwaka, na pengine hiyo ni hasara yao, kwa sababu katika habari ya kondoo yule mna karibu kila kitu kinachohitajika: mnyama anaelezwa kwa namna ambayo anayemwona hawezi kumkosea, eneo linajulikana, anayeombwa kufanya jambo anajua ni jambo gani, na matokeo yanaonekana siku hiyo hiyo.

Jambo la kushangaza kwa aliyesoma habari hiyo juujuu lilikuwa kwamba ukurasa wa chifu, wakati huo, ulikuwa na wafuasi mia kadhaa tu. Mfuasi, katika lugha ya mitandao, ni mtu aliyejiandikisha kupokea kila kinachoandikwa na akaunti fulani, na mashirika mengi hupima mafanikio yao kwa hesabu ya watu hao. Kwa hesabu hiyo Lanet Umoja ingeonekana kushindwa. Ukweli ni kwamba wakazi wengi hawakuwa na simu janja. Walikuwa na ile simu ndogo ya vibonye na tochi ambayo Wakenya huiita mulika mwizi, jina ambalo alfajiri ile ya nyumba ya mwalimu lilipata maana yake kamili. Twitter ya miaka hiyo ilikuwa na mapatano na kampuni za simu, ambapo mtu aliweza kuifuata akaunti kwa kutuma neno moja na jina la akaunti hiyo kwenda kwenye namba maalumu, na baada ya hapo kila ujumbe ukamjia kama ujumbe mfupi wa kawaida, bila intaneti wala bando. Huduma yenyewe ilikuwa imejengwa kwa kipimo cha simu za namna hiyo: kikomo cha herufi 140 kiliwekwa ili andiko liingie katika ujumbe mfupi wenye nafasi 160, nafasi 20 zikiachiwa jina la mwandishi. Aliyepokea alimwambia jirani, jirani akamwambia mwenye duka, na kwa hiyo chifu alikadiria kwamba maelfu ya watu wake walifikiwa, moja kwa moja au kwa mdomo.

Ni rahisi kusema kwamba Twitter ilileta usalama Lanet, na magazeti mengi yalisema hivyo. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba Lanet ilikuwa tayari na majirani walio tayari kuamka, chifu ambaye namba yake ya simu ilijulikana, na desturi ndefu ya mbiu, ile inayopigwa na watu wakajua kuna jambo. Chombo kipya kiliifupisha tu njia kati ya mlio na mlango. Mtu aliyesoma ujumbe wa saa kumi alfajiri aliamini kwamba umetoka kwa chifu, kwa sababu alikuwa amemwona barazani, na alijua kwamba asipotoka, kesho yake atakutana na mwalimu yule njiani. Ukichukua akaunti kama hiyo ukaipa ofisi ambayo haina uso, haina mipaka ya eneo na haina mtu wa kuamka, utapata ubao wa matangazo tu, tena ulio mbali.

Hapa ndipo tofauti kati ya kutangaza na kujibu inapojitokeza, na ni tofauti ambayo taasisi nyingi huivuka bila kujua. Redio hutangaza, hakuna anayetarajia redio imjibu. Mtandao wa kijamii, kwa kuwa chini ya kila andiko kuna nafasi ya mtu yeyote kuandika lake, humfanya msomaji aamini kwamba upande wa pili kuna mtu anayesikiliza. Stima zikipotea mtaa wa Section 58 au Kiamunyi saa mbili usiku, mteja wa shirika la umeme hutoa simu, huandika jina la mtaa wake, huombwa namba ya mita, huitoa, kisha hungoja. Ikiwa anayesoma ujumbe huo ana njia ya kuwafikia mafundi walio zamu, mtandao umefanya kazi ya ofisi nzima ya malalamiko. Ikiwa hana, na kazi yake ni kuomba radhi na kuomba namba ya mita tena, basi shirika limejiundia mahali pa kukemewa hadharani ambapo kila jirani anaona. Ndiyo maana uamuzi wa kufungua akaunti haufai kuachiwa idara ya uhusiano mwema peke yake. Mtu wa kwanza kuulizwa angepaswa kuwa fundi: je, ujumbe ukiingia usiku, atapigiwa simu na nani?

Sheria ya Kenya nayo haiziachii serikali za kaunti hiari kamili katika jambo hili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 91, inazitaka kaunti ziweke majukwaa ya wananchi kushiriki katika utawala, na yanayotajwa ni pamoja na yale ya teknolojia ya habari na mawasiliano, yakiwekwa sambamba na mikutano ya hadhara na mbao za matangazo. Neno kushiriki ni zito. Kurasa nyingi za serikali za mahali, si Nakuru tu, hujaa picha za viongozi wakikata utepe, wakipanda miti na kukabidhi hundi kubwa kuliko mlango, huku maswali ya wananchi kuhusu soko lisilokamilika yakibaki chini yake bila jibu kwa miezi; ukurasa wa namna hiyo unaweza kuwa albamu nzuri, lakini haujatimiza anachokitaka mtunga sheria.

Wapo wanaoshauri kwamba, kwa kuwa mitandao imejaa matusi na uzushi, taasisi yenye heshima ijiepushe nayo. Ushauri huo una uzito katika eneo hili kuliko kwingine, kwani Nakuru na Naivasha zilitumbukia katika mauaji ya kulipiza kisasi mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, na tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilieleza jinsi ujumbe mfupi wa simu na matangazo ya redio za lugha za mama yalivyochochea chuki wakati ule, kabla watu wengi hawajaijua Facebook. Lakini kisa hicho hicho kinafundisha upande wa pili. Mwezi huo huo wa Januari 2008, watu wachache, wakiwamo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walitengeneza Ushahidi, programu iliyopokea taarifa za wananchi na kuzionyesha katika ramani, kwa sababu taarifa rasmi hazikuwa zikitoka na uvumi ulikuwa umejaza nafasi yake. Uvumi hauhitaji ruhusa ya taasisi ili usambae. Unachohitaji ni taasisi inyamaze.

Mai Mahiu inatoa mfano wa karibu zaidi. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, katika majira ya mvua kubwa, maji, matope na mawe yaliporomoka na kuzoa nyumba za watu waliokuwa wamelala, makumi ya watu wakafa, na kabla jua halijapanda habari ilikuwa imeenea kote kwamba bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba hakukuwa na bwawa lililopasuka: maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya njia ya chini ya reli iliyozibwa na uchafu, mpaka ukuta ukashindwa kuyazuia. Kwa aliyepoteza mtoto, tofauti hiyo si kitu. Kwa anayeishi chini ya bwawa jingine na anayetaka kujua kama ahame usiku huo, na kwa mhandisi anayepaswa kuamua akague nini kwanza, tofauti hiyo ni kubwa mno, na saa zilizopita kati ya uvumi na maelezo ni saa ambazo taasisi husika zilipaswa kuwa zinasema, japo kwa sentensi moja, ni nini kinachojulikana na kinachochunguzwa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya limejijengea desturi ya namna hiyo kwa miaka mingi: taarifa fupi, mahali, wakati, hatua iliyochukuliwa, na nyongeza kadiri hali inavyobadilika.

Gharama ya mitandao haiishii kwenye mishahara ya wanaoijibu. Sheria ya Kulinda Data iliyoanza kutumika Novemba 2019 inahesabu picha ya mtu kuwa data yake binafsi, yaani habari inayoweza kumtambulisha, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya burudani ya jijini humo shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila kumwuliza. Walimu wakuu wengi wa Bonde la Ufa ambao kila muhula huweka picha za watoto wakipokea vyeti hawakudhani kwamba desturi hiyo, iliyokuwa jambo la kawaida kwenye kalenda za shule, ingeweza kugharimu kiasi hicho. Chama cha akiba na mikopo kinachowataja wadaiwa sugu katika kundi la WhatsApp la wanachama kimo katika hatari ya aina hiyo hiyo, hata kama kila aliyemo kundini anawajua wadaiwa hao kwa majina na kwa milango ya nyumba zao.

Kuna taasisi ambazo hazihitaji kabisa ukurasa wa hadharani. Chama cha wakulima wa viazi wa Mau Narok chenye wanachama mia mbili kinahitaji kuwaambia mambo machache: lori linafika lini, bei ya leo ni ngapi kwa gunia la kilo 50 linalotambuliwa na kanuni za viazi za mwaka 2019, na ni dalali gani anayedai gunia lishonewe kilemba juu, lile ambalo wakulima wa huko huliita mukurino. Kundi la WhatsApp linatosha, mradi katibu aendelee kuwatumia ujumbe mfupi wale wenye mulika mwizi. Ukurasa wa hadharani ungewanufaisha zaidi madalali kuliko wakulima, kwani wangesoma bei na mahitaji ya chama kabla ya kukaa nacho mezani.

Tatizo zito zaidi ni la umiliki. Taasisi inayojenga mawasiliano yake yote katika mtandao wa kijamii ni mpangaji aliyefanya harusi katika nyumba ya mtu: karamu ni yake, paa si lake. Aprili 2020, Twitter ilifunga huduma yake ya ujumbe mfupi katika nchi karibu zote, ikitaja sababu za kiusalama, na kwa uamuzi huo uliotolewa mbali na Lanet, njia iliyokuwa imeuwezesha ujumbe wa chifu kufika kwenye simu zisizo na intaneti ikazibwa. Wala hapakuwa na baraza la kupeleka malalamiko. WhatsApp, iliyokimbiliwa na wengi, iliweka kikomo cha watu 256 kwa kundi moja kuanzia mwaka 2016, ikakiongeza hadi 1,024 mwaka 2022. Lokesheni ya watu 28,000 haiingii humo, labda kwa kugawanya watu makundi kwa makundi na kumpa kila mzee wa mtaa kundi lake, jambo ambalo kwa hakika ni kurudi kwenye mpangilio wa zamani wa nyumba kwa nyumba. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote, na biashara ndogo zilizokuwa hazina hata daftari la namba za simu za wateja wao zilikaa kimya muda huo wote. Alama ya uthibitisho ya Twitter, ile tiki ya buluu iliyokuwa ikimhakikishia msomaji kwamba akaunti ni ya mhusika wa kweli, tangu Aprili 2023 hupatikana kwa malipo ya kila mwezi, na matapeli wana pesa za kulipa.

Kwa hiyo ofisi inayofikiri vizuri huweka orodha yake ya namba za simu, iliyokusanywa kwa idhini ya wenyewe, hudumisha baraza na ubao, na huuchukulia mtandao kuwa kipaza sauti cha vitu hivyo. Ghali ndiyo, na inachosha. Mtu mmoja huandika tangazo lile lile mara tatu. Lakini siku huduma moja inapofungwa, hakuna anayeamka hajui pa kusikilizia.

Francis Kariuki alifariki mwaka 2022, na maombolezo yaliyoandikwa yalimkumbuka, ndani na nje ya Kenya, kwa akaunti ile. Jina la akaunti lilikuwa jina lake mwenyewe, likitanguliwa na neno chifu. Imani ya watu, wafuasi, na kumbukumbu ya miaka kumi ya kondoo waliopotea, watoto waliopatikana na wezi waliokimbizwa vilikuwa vimekaa chini ya jina hilo, wala si chini ya jina la lokesheni. Ofisa wa utawala anapohamishwa au kustaafu, hukabidhi kwa maandishi: muhuri, funguo za ofisi, majalada, samani kwa idadi yake, viti vibovu vikiandikwa kuwa vibovu. Katika ofisi nyingi, nywila ya akaunti bado haijapata mstari wake katika karatasi hiyo.